Nyimbo Kumi na Sita za Mdogo Wangu

Jumanne, 4 Machi

Wamekuja watu wawili wa kampuni ya muziki. Meneja, mwenye suti inayombana kwapani, na msichana wa miaka ishirini na minne aliyekaa kwenye ukingo wa kiti kama mgonjwa anayengoja kuitwa. Shauri lao ni hili: wanataka kutoa albamu moja ya mdogo wangu, nyimbo zake tangu ya kwanza hadi ya mwisho, kwa ajili ya watu ambao hawajapata kumsikia. Nyimbo kumi na sita. Kati ya mia mbili na kumi na mbili! Jina wameshalichagua: Karibu kwa Mzee Nyuzi. Sijawahi kulipenda hilo jina la Nyuzi. Mama alimpa jina zuri tu.

Nikawauliza, mbona mmekuja kwangu? Mwenyewe si yupo, mitaa miwili kutoka hapa? Alichopasuliwa ni koo, si akili.

Meneja akasema wametoka huko. Amewajibu kwa ule mnong'ono aliobaki nao baada ya operesheni: Aamue dada. Hakuna wimbo wangu uliotoka bila kupita kwake. Atakachoandika nitakitia saini bila kukisoma.

Ni kweli zilipita kwangu, kwa miaka arobaini na sita. Kabla ya kwenda studio alikuja na gita, akakaa kwenye stuli ya jikoni, akaimba, nami nikaandika makosa. Ninayo madaftari tisa. Akimaliza huuliza, "Haya Mwalimu, umenipa ngapi?" Sikumbuki kama niliwahi kumpa zaidi ya saba kwa kumi.

Kazi yangu: kuchagua nyimbo, kuzipanga, na kuandika aya moja kwa kila wimbo ili mgeni ajue unahusu nini. Aya zote ziwe tayari Jumatatu ya tarehe kumi na saba, asubuhi. Kijitabu cha albamu kinakwenda kwa mchapaji siku hiyo hiyo.

Nimekubali. Nina miaka sabini na minane na magoti yasiyokunjika, nami nimekubali.

Alhamisi, 6 Machi

Msichana amerudi peke yake, na kompyuta na spika ndogo kama kopo la maziwa. Ofisini wamempa cheo: Sikio Jipya. Yaani hajapata kumsikia mdogo wangu hata siku moja, kwa hiyo kazi yake ni kuuliza yale ambayo mtu asiyejua angeuliza. Anasema mwenyewe, "Bibi, wengine wameajiriwa kwa elimu yao. Mimi nimeajiriwa kwa ujinga wangu." Sikucheka mbele yake. Nimeanza kumwita Sikio.

Tumesikiliza nyimbo ishirini na mbili bila kupumzika. Mgongo!

Niliandaa mpango kama nilivyokuwa nikiandaa masomo ya muhula: jepesi kwanza, gumu baadaye. Sikio akatikisa kichwa. Watu siku hizi humpa mwimbaji sekunde ishirini, hajawashika, wamehama. Nikamwambia darasani kwangu hakuna aliyehama. "Bibi, si ulikuwa umesimama mlangoni!"

Wimbo wa kwanza kabisa ni ule wa mkokoteni. Kanda imechakaa, inavuma kama feni mbovu. Lakini katikati ya uvumi ule — sauti ya miaka ishirini na mitatu. Laini, haina hata mkwaruzo. Nilikuwa nimeisahau. Sasa nikimpigia simu nasikia upepo tu, kama mtu anayepuliza chai.

Sikio aliuliza mwenye mkokoteni alikuwa nani. Nikasema sijui. Akauliza mbona sijui, na wimbo ulipita kwangu. Nikafungua daftari la kwanza nimwonyeshe nilichoandika siku ile. Nimeandika: "Ubeti wa tatu umepungua mizani. Usimeze maneno. 5."

Hakuna kingine.

Jumamosi, 8 Machi

Kumi na moja zimepatikana. Macho yamevimba.

Nilimsomea Sikio aya nne za kwanza. Akasikiliza kwa adabu. Kisha: "Bibi, babu mwenyewe bado yuko hai, sivyo?" Anasema zinasomeka kama tangazo la msiba. Nimezirudia zote. Ana haki, lakini sikumwambia.

Mgonjwa mwenyewe amepiga simu kuuliza kama ninakula. Mimi!

Jumatatu, 10 Machi

Leo nilimwekea "Dirisha Lenye Taa". Huu sikuuhangaikia. Ndio wimbo wake unaojulikana kuliko zote, umepigwa kwenye harusi kwa miaka thelathini na mitatu, hata fundi wa bomba huuimba akiwa chini ya sinki langu. Daftari la sita linasema: "Wimbo wa mapenzi. Ubeti wa pili mrefu mno. Mwanamke hana sura. 6." Nikamwambia Sikio, huu hauhitaji maelezo. Mwanamume amechelewa, mpenzi wake amefunga mlango, mvua inanyesha, anamwomba amfungulie.

Akasikiliza hadi mwisho.

"Bibi, huyu ni mpenzi wake?"

Nikasema ndiyo, dunia nzima inajua.

"Sasa mpenzi gani anakaa na rundo la madaftari mezani?"

Nikasema labda alikuwa karani.

"Na huyu aliye nje, mbona anarukaruka? Anasema, naruka nione taa, naruka nione kichwa chako kimeinama. Mtu mzima si angechungulia tu? Dirisha linamzidi kimo, Bibi. Huyo ni mtoto."

Alisema hivyo huku anacheka, kama mtu aliyepata jibu la kitendawili. Halafu akaniangalia. Halafu akayaangalia madaftari tisa yaliyo mbele yangu. Kicheko kikamfia mdomoni. Akafunga kompyuta polepole sana, akauliza kama ningependa anichemshie chai.

Nikamwambia kazi ya leo imekwisha. Aende.

Jumanne, 11 Machi

Nimelala vibaya. Naandika jinsi ilivyokuwa, mara moja, bila mapambo.

Mama alipofariki yeye alikuwa na miaka tisa, mimi kumi na minane. Baba alikuwa hayupo tangu zamani. Nilimlea. Jioni hiyo ninayoisema alikuwa na miaka kumi na mitatu, nami nina mwaka wa pili wa ualimu. Alikuwa ameshikwa na gita. Kulikuwa na maseremala watatu waliopiga muziki kwenye karakana yao baada ya kazi, naye alikuwa hatoki huko. Nilimwambia: saa kumi na mbili uwe ndani, ukipita hapo utaona. Alirudi saa moja na mvua kubwa. Nilikuwa nimeshatia komeo. Mezani nina insha arobaini na tatu za kusahihisha.

Nikajiambia, nimalize hizi kwanza. Atajifunza.

Nilizimaliza.

Nilipofungua alikuwa amekaa kwenye kizingiti, gita amelificha ndani ya shati. Hakulia. Alikohoa wiki tatu. Nilimpeleka kwa daktari, daktari akauliza kimetokea nini, nikasema amecheza mvuani. Mtoto akanitazama tu. Hakunikanusha.

Hatukuwahi kulizungumza. Nilidhani amesahau. Au nilitaka awe amesahau, ni mamoja.

Sasa hili ndilo linalonichosha. Si kwamba aliuimba. Ni kwamba aliuimba jikoni kwangu, hatua mbili kutoka usoni pangu, kabla mtu mwingine yeyote hajausikia, nami nilikuwa nahesabu mizani. Mtu mzima wa miaka thelathini na sita ananiambia jambo lililomkaa kifuani tangu utoto. Nikampa sita.

Mchana nimeyapitia madaftari yote tisa, na nyimbo zenyewe. Huyo mwanamke yumo katika nyimbo kumi na moja. Ana chaki mkononi. Anahesabu vijiko. Hapigi kelele, hunyamaza, na kunyamaza kwake ni kubaya zaidi. Lakini yumo pia anayempunguzia mtoto ukosi wa koti la marehemu mjomba ili lisimvuke mabega. Yumo anayesema ameshakula ilhali hajala. Nyimbo tatu nzima ni za shukrani. Hizo nazo sikuzisikia. Pembeni nimeandika: "Inajirudia."

Alhamisi, 13 Machi

Nimeufuta. Orodha niliyompa Sikio haina "Dirisha Lenye Taa". Sababu nimeziandika vizuri: ni mrefu, unajulikana tayari, na albamu hii ni ya wageni.

Meneja akapiga simu kabla chai haijapoa. Ameruka juu! Eti kumtambulisha Mzee Nyuzi bila wimbo huo ni kumpeleka bwana harusi ukumbini bila suruali. Nikamwambia sababu zangu ni tatu na zimo kwenye karatasi. Akasema yeye ana moja: ndio wimbo pekee ambao mgeni ataujua kwa mbali, atasimama, atauliza huyu ni nani. Ndio mlango wenyewe. Kama tatizo ni maelezo, basi, Mwalimu, andika tu kwamba ni wimbo wa mapenzi, yaishe.

Yaishe.

Miaka thelathini na nane nimekata watoto alama kwa kuandika wasilolijua. Je, anayeandika asilolijua na anayelijua akaandika lingine, nani akatwe zaidi?

Sikio alikuwa anakunja waya zake. Alifika nje kwenye ngazi, akageuka. Kisha: "Bibi, mimi si wa familia, unisamehe. Hii albamu ni ya watu kama mimi. Na mimi nilisikia mara moja tu."

Ijumaa, 14 Machi

Aya ya wimbo huo. Nimejaribu mara tatu.

Ya kwanza: "Wimbo huu unahusu subira." Uongo mtupu, tena wa kujipendelea.

Ya pili: "Wimbo huu unahusu mtoto na mlezi wake katika nyumba isiyo na wazazi." Ni kweli, kama vile cheti cha kuzaliwa kilivyo kweli.

Ya tatu ilianza, "Mimi ndiye". Sikuendelea. Kijitabu ni cha nani, changu au chake? Atafungua mtu asiyemjua mdogo wangu, na jambo la kwanza atakaloonyeshwa ni dada anayejipiga kifua. Hata kuungama kuna adabu yake.

Nimechoka na sauti yangu kichwani.

Jumamosi, 15 Machi

Nimeurudisha. Ni wa tisa, kati ya wimbo wa ukosi wa koti na ule wa mkate, wa anayesema ameshakula. Orodha imekamilika. Aya kumi na tano ziko tayari, zimesomwa, zimesahihishwa. Nafasi ya tisa iko tupu.

Viatu nimevivaa mara mbili niende kwake. Mara mbili nimevivua. Kesho ni Jumapili, atakuja mwenyewe kama kawaida.

Jumapili, 16 Machi

Alikuja saa nne, na mkate na gazeti. Amekonda tena. Alipanda ngazi kwa vituo viwili, na kila kituo akajifanya anatazama maua ya jirani. Nikamwekea kiti changu, kile cha dirishani, maana chake kimelegea mguu.

Kuongea naye siku hizi ni kumsogelea. Anasema maneno matano, anapumzika. Akaanza kwa mzaha wake uleule: "Mwalimu, nimefaulu?"

Nikasema kumi na sita zimepatikana. Aya kumi na tano ziko tayari.

"Imebaki ipi?"

Akatabasamu. Alijua. Bila shaka alijua tangu alipowaambia aamue dada.

Nikamweleza kuhusu Sikio — madaftari, kurukaruka, dirisha linalomzidi mtu kimo. Akacheka. Kicheko chake hakina sauti tena, ni mabega tu yanayotikisika, lakini kilikuwa kicheko. "Mtoto wa watu! Mara ngapi alisikia?"

"Mara moja."

"Wewe nilikuimbia mara mbili. Kumbuka, uliniambia nirudie ubeti wa pili."

Nikamwuliza kwa nini hakuniambia kwa maneno ya kawaida, kama watu wanavyoambiana. Akanitazama kana kwamba nimeuliza swali la kipuuzi.

"Nilikuambia, Dada. Nikapata sita."

Hakusema kwa uchungu. Ningependa angesema kwa uchungu, ningejua pa kushika. Nikaenda kuchemsha maji ambayo yalikuwa yamechemka.

Niliporudi nikamwambia: niandikie wewe hiyo aya, au niambie niandike nini. Kesho asubuhi msichana anaifuata. Akasema niandike nitakavyo, yeye saini ameshaahidi. Kisha akaweka mkono juu ya kitambaa cha shingoni, pale penye kovu. Nikadhani amechoka. Lakini alikuwa anapanga maneno, maana yanamgharimu.

Alisema hivi, kwa vipande. Kwamba kwenye wimbo anaimba kwamba mwanamke alisikia hodi, akaendelea na kazi yake. Aliimba hivyo kwa sababu wimbo ulikuwa unadai. Lakini yeye hajui. Miaka hamsini na sita hajui. Mvua ilikuwa kubwa, bati lilikuwa linapiga kelele, huenda aliyekuwa ndani hakusikia kitu, alijua tu kwamba mtoto amechelewa na hajarudi.

"Ulisikia, Dada?"

Kabla sijafungua mdomo akainua kidole, kama sisi walimu tulivyokuwa tukifanya darasani kumzuia mtoto asijibu haraka.

"Ukisema hukusikia," akasema, "andika ni wimbo wa mapenzi. Mimi nitaamini. Watu wamecheza nao vizuri tu."

Hapo kikohozi kikamshika. Kikohozi kibaya, cha kuinamisha mtu. Nikamshika mgongo, nikampa dawa yake ya matone, nusu glasi ya maji. Ile dawa humlevya. Dakika chache tu kichwa kikaegemea ubavu wa kiti. Amelala. Saa saba kasoro. Naandika mezani, namwona kutoka hapa. Mdomo umefunguka kidogo. Katika usingizi ana sura ya Mama, jambo ambalo halijawahi kunisaidia.

Sikio ametuma ujumbe: Bibi, nipite saa tatu kesho? Sijajibu.

Mvua ilikuwa kubwa kweli. Hilo si uongo. Bati lilikuwa linapiga kelele kweli. Amenipa jibu mkononi, limekunjwa vizuri, na neno moja tu la kusema. Nikilisema, atapumua. Ataamini, au atajitahidi kuamini, na hajabakiwa na muda mwingi wa kujitahidi, daktari ameshasema. Kuna ubaya gani? Nani ataumia? Wageni watapata wimbo wa mapenzi. Meneja atapata mlango wake. Mimi nitamaliza aya kwa dakika tano na kupika.

Na nikisema lile lingine, nampa nini? Mtu wa miaka sitini na tisa, koo limekatwa, nimwambie kwamba lile aliloliogopa zaidi ndilo lililokuwa?

Lakini ameuliza. Maisha yangu yote amekuwa akiniuliza amepata ngapi. Hili la leo halikuwa swali la namna hiyo. Sijui kama amewahi kuniuliza kitu kingine.

Wimbo unasema alibisha mara tatu. Si tatu. Zilikuwa saba. Ya kwanza nilikuwa kwenye insha ya kumi na nane, ya msichana aliyeandika kuhusu ng'ombe wa babu yake. Ya saba nilikuwa kwenye ishirini na tano. Baada ya hapo hakubisha tena, nami nilizisoma kumi na nane zilizobaki kwa makini kuliko zote.

Mguu wake umesogea. Amefumbua macho. Hajainua kichwa, ananitazama tu ninavyoandika.

"Enhe, Dada?" anasema.